Watano kwa Elfu

Jumanne, kipindi cha tatu, maabara yetu ya Tononoka:
feni moja yafanya kazi, ya pili yatazama.
Nimepanga bikari tatu juu ya meza yenye makovu,
nyaya, betri, na kitaa kidogo cha kijani
nilichokichopoa kwenye redio mbovu ya marehemu baba.

Asidi kali, ile ya chupa nyeusi:
kitaa kikawaka, wasichana wakapiga vigelegele.
Siki ya Mwembe Tayari, iliyosalia nilipotia achari:
nukta tu, kama jicho la mgonjwa aliyesikia jina lake.
Ya tatu ni spiriti, nimeichanganya na maji ya mvuke,
si ya mfereji; ya mfereji huku yana chumvi yake
na yangetudanganya.
Kimya.
Nikagonga betri. Nikapangusa nyaya kwa pindo la leso.
Kimya.

"Kimeharibika, Bi Mwanasiti?"

Hakikuharibika. Umeme wataka wa kuubeba,
na humu hakuna aliyetoka nyumbani.
Oksijeni ya spiriti imemshika hidrojeni mkono.
Akitoka huenda mtupu, elektroni akaiacha mlangoni,
na chaji yote hasi yamwangukia oksijeni, peke yake,
na kaboni majirani hawapokei hata kamba ya mzigo.
Siki karibu ni mwili uleule, kaboni mbili vilevile,
ila mwishoni wamekaa oksijeni wawili.
Mmoja akiondokewa, mwenziwe asogea;
mzigo wakaugawa hata usijue ni wa nani.
Tembo likilala likachacha, ulimi hulijua hilo
kabla ya kitabu.

Nuswaiba, wa dawati la nyuma, akaomba chaki:

*Taa imebaki giza, kuna nini spiritini?*
*Hidrojeni ajikaza, aogopa ya majini.*
*Oksijeni nakuuza, wamshikia kwa nini?*
*Peke yako hutaweza, kusalia upwekeni.*

Darasa likagawanyika papo hapo, si kwa kemia:
"oksijeni" ni mizani nne au tano?
Kengele ikalia hatujaamua.

Mimi nilibaki na mstari wa nne.
Mama yangu mdogo wa Kuze, miaka miwili
alificha pasipoti ya Bwanaheri ndani ya pipa la mchele.
Kazi ya Doha ilikuja, ikapita; ikaja tena.
Tulimwita mchoyo. Tulimwita mengine.
Hakuna aliyehesabu vyumba vya nyumba ile,
wala sahani, angeosha ngapi Bwanaheri akishaondoka.
Kisha Saumu akaachika Lamu,
akaja na cherehani na paka mwenye jicho moja.
Wiki ya pili tu nikaona mchele umemwagwa kwenye ungo,
na pasipoti mezani, ina vumbi jeupe.
"Nenda," alisema. "Sasa tu wawili."
Hakulia. Au walilia nusu kwa nusu, sikuwepo.

Nisitie chumvi, lakini.
Hata siki si mlango wazi:
katika elfu, saa yoyote utakayowahesabu,
walio nje ni kama watano,
na hao watano si wale wale; huyu arudi, yule atoka.
Bwanaheri mwenyewe kashakuja mara mbili,
akanenepa, akalalamikia joto, akaenda.
Spiriti ni mmoja kwa bilioni,
naye huwa amerudi hujamaliza kutamka bilioni.

Nimeosha bikari mbili. Ya tatu nimeifunika kwa kisahani.
Ubaoni sijafuta.
Nne au tano, nitamuuliza mwalimu wa Kiswahili,
akitoka kwenye chai.